MAZUNGUMZO YA MWEZI: Kushuka ziwani kutembea



Mwezi huu tushuke ziwani. Sisi watu wa Ufipa tunaishi juu, katikati ya maziwa mawili. Upande wa machweo kuna Ziwa Tanganyika. Upande wa mawio kuna Ziwa Rukwa. Ukitoka Sumbawanga kwenda upande wowote kati ya hizo mbili, mwishoni lazima uteremke.

Lakini wengi wetu tumekulia kwenye mahindi, maharage na ulezi. Maji tuliyoyazoea ni ya kisima, na ya mto unaovukwa kwa kukunja suruali. Ziwa tunalijua kwa samaki wake tu. Migebuka na dagaa hutufikia sokoni wakiwa wakavu, wala hatuulizi walivuliwaje.

Siku hizi watu wa juu wanashuka ziwani kwa matembezi. Wanashuka wakati wa Krismasi, Pasaka, Idi na Nane Nane. Kwaya zinashuka. Wanafunzi wanashuka na walimu wao. Wengine wanakwenda Kasanga kuona mabaki ya boma la Wajerumani, maana zamani za Wajerumani Kasanga iliitwa Bismarckburg. Kutoka Kasanga wanakodi boti mpaka mdomo wa Mto Kalambo, ule ule wenye maporomoko yanayoanguka zaidi ya mita 200 huko juu mpakani na Zambia. Wengine wanakwenda Kipili kuona visiwa. Watu wa bonde la Rukwa nao hupanda mitumbwi siku ya sikukuu, wakavuka kusalimia ndugu.

Matembezi ni jambo jema. Mtu aliyelima mwaka mzima ana haki ya kuona maji mengi na kula samaki mbichi. Ninachotaka ni kwamba jioni arudi nyumbani.

Mara yangu ya kwanza kupanda boti nilikuwa kijana. Tulikuwa tumemsindikiza bibi harusi Kasanga. Siku ya pili wenyeji wetu wakasema, twende tukaone mdomo wa mto. Boti ilikuwa ya mbao, yenye mashine nyuma. Nahodha alikuwa mzee mmoja mwembamba, mtu wa maneno machache. Alituhesabu kwa kidole. Tulikuwa watu 21.

Akasema, "Nachukua 12."

Tukacheka. Mjomba wa bwana harusi akamwambia, "Mzee, hawa ni watoto wembamba tu. Watabanana."

Yule mzee hakujibu. Aliketi juu ya jiwe, akavuta wavu wake, akaanza kuushona. Tulikaa pale karibu saa nzima, yeye na wavu wake, sisi na hasira zetu. Mwishowe tukakubali kwenda kwa zamu mbili.

Mimi nilikuwa katika zamu ya kwanza. Tulipokaribia mdomo wa mto, msichana mmoja akapiga kelele, "Kiboko! Kiboko!" Sote tukainuka tutazame. Sote tukaegemea upande mmoja. Boti ikalala, na maji yakaingia kama mtu anayemimina ndoo.

Mzee akasema neno moja tu: "Kaeni!"

Tukakaa pale pale, chini, ndani ya maji, na nguo zetu za harusi. Boti ikainuka. Mimi nilikuwa natetemeka. Nikamwuliza, "Mzee, je, tungekuwa wote 21?"

Akanipa kopo. "Mwanangu, chota maji."

Tangu siku ile, kabla sijapanda chombo chochote, nahesabu watu mwenyewe.

KWA NINI BOTI INAPINDUKA?

Fanyeni jaribio hili darasani au nyumbani. Chukua bakuli la plastiki, liweke lielee kwenye beseni la maji. Weka jiwe chini, katikati ya bakuli. Lisukume kidogo kwa kidole. Litayumba, kisha litatulia. Sasa ondoa jiwe. Chukua chupa iliyojaa maji, uisimamishe ndani ya bakuli. Sukuma tena kwa kidole kile kile. Bakuli litapinduka.

Uzito ukiwa chini, chombo kinatulia. Uzito ukiwa juu, chombo kinapinduka. Mtu aliyeketi sakafuni mwa boti ni kama lile jiwe. Mtu aliyesimama ni kama ile chupa. Ndiyo maana magunia hupangwa chini na katikati, na watu huketi chini. Ndiyo maana pia ngoma haichezwi ndani ya boti. Ngoma ichezwe ufukweni, kuna nafasi ya kutosha.

Jambo la pili ni maji yaliyoingia ndani. Boti ikiinama kidogo, maji yote ya ndani hukimbilia upande ule ule ulioinama. Yanaongeza uzito palipo pabaya. Ndoo tatu za maji ndani ya boti ni hatari kuliko gunia lenye uzito huo huo, maana gunia likipangwa vizuri halikimbii. Kwa hiyo kila chombo kiwe na kopo la kuchotea maji, nalo lifungwe kwa kamba lisipotee.

Jambo la tatu ni ukingo. Watu wote wakisha kupanda, tazama ukingo wa boti. Uko juu ya maji kiasi gani? Kwa boti ya mbao, mimi napenda nione dhiraa moja, yaani kutoka kwenye kiwiko changu mpaka ncha ya kidole. Kwa mtumbwi mdogo, katika maji yaliyotulia, angalau shibiri moja nzima. Ukingo ukikaribia maji, wimbi dogo tu linaingia. Na wimbi la kwanza likiingia, la pili halipati kazi.

Makosa haya si ya mitumbwi peke yake. Hata meli kubwa zinazama kwa sababu hizi. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza. Ilikuwa imebeba watu wengi kuliko kiasi chake, na tangu hapo haikuwa imara majini. Watu zaidi ya 800 walikufa. Tarehe 20 Septemba, 2018, katika ziwa hilo hilo, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220.

Soma tena hesabu hiyo, ndugu msomaji. Waliokufa walikuwa mara mbili ya wale walioruhusiwa kupanda. Na walikuwa karibu kufika. Watu waliokuwa nchi kavu waliwaona.

Safari inapokaribia mwisho, watu huinuka. Kila mmoja anataka kushuka kwanza. Anatafuta viatu, anamwita mtoto, anavuta mzigo. Nahodha aseme mapema: hakuna kuinuka mpaka kamba imefungwa. Kisha watu washuke mmoja mmoja, kutoka pande zote mbili kwa zamu.

UPEPO WA KWETU

Watu wa Sumbawanga hatuhitaji kufundishwa upepo. Tunaujua upepo wa Juni na Julai, ule unaopita kwenye koti na kufika mfupani. Unatoka kusini mashariki. Huvuma tangu Mei mpaka Septemba hivi. Tunaulalamikia, tunafunga madirisha, tunasahau.

Lakini upepo ule hauishii kwetu. Unapita juu ya Ufipa, unateremka mteremko wa magharibi, unaingia Ziwa Tanganyika. Usiku nchi ya juu inapopoa, hewa baridi nayo ni nzito. Inateremka mabondeni kama maji, inaelekea ziwani. Hewa hiyo ikikutana na upepo wa kusini mashariki, zinasukuma pamoja. Ndiyo maana katika miezi ya kiangazi mtu anaweza kuamka alfajiri Kasanga au Kirando akakuta upepo mkali unatoka nchi kavu kwenda ziwani.

Hapa ndipo mgeni anapodanganyika. Upepo ukitoka nchi kavu, maji ya karibu na ufuko huwa yametulia. Milima inayakinga. Tena wimbi halijapata nafasi ya kukua. Mgeni anatazama, anasema, "Leo ziwa limelala." Anapanda, anapiga kasia. Upepo uko mgongoni, safari ni rahisi. Akifika mbali kidogo, milima haimkingi tena. Mawimbi yanakua kila anaposonga mbele. Anageuza arudi, na sasa upepo uko usoni. Mikono imechoka. Kila akipumzika anarudishwa nyuma, kuelekea Kongo. Ziwa lina upana wa kilometa 50 hivi kwa wastani. Hapo si matembezi tena.

Basi fanya hivi. Ukiwa ufukoni, okota majani makavu au mchanga mkavu, urushe juu. Ukiona unakwenda ziwani, jihadhari. Siku hiyo tembea ukiufuata ufuko, usiende katikati. Na safari yoyote ya matembezi, ukiweza, anza kwa kwenda upande upepo unakotoka. Utakwenda kwa taabu, lakini utarudi kwa urahisi.

Masika ni habari nyingine. Tangu Novemba mpaka Aprili hatari kubwa ni dhoruba ya ghafla. Utaona wingu jeusi limekaa juu ya milima au juu ya maji. Joto linazidi, hewa inasimama. Kisha unakuja upepo wa baridi wa ghafla. Ule upepo wa baridi ndio unaotangulia mvua. Ukiusikia umekawia. Ukiliona wingu, usingoje upepo. Elekea ufuko ulio karibu, hata kama sio ufuko wako. Kulala kwenye kijiji cha watu si aibu. Watakupa ugali. Na radi ikianza, asiwepo mtu ndani ya mtumbwi. Majini wewe ndiwe mti mrefu.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa ajili ya maziwa makubwa. Sikiliza redio kabla ya kushuka. Kisha ukifika mwaloni uliza wenyeji. Usiulize mtu anayetaka nauli yako. Uliza wavuvi walio nchi kavu. Ukikuta wavuvi wote wamevuta vyombo vyao juu mchangani, na mtu mmoja tu anakuita upande boti yake, wewe hesabu mwenyewe ni nani anayejua zaidi.

Kama mawimbi yamekukuta, usiyape ubavu. Elekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye mawimbi, kidogo kwa mshazari. Punguza mwendo wa mashine. Watu wakae chini kabisa. Mashine ikizimika, usitegemee nanga. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi. Ni ziwa la pili kwa kina duniani, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Kina hicho ni kirefu kuliko mteremko wote tunaoteremka kutoka Sumbawanga mpaka majini. Na mahali pengi kina kinaanza karibu na ufuko. Kamba yako haitafika chini.

Lakini kuna dawa. Funga ndoo imara kwenye kamba ndefu. Funga kamba omoni. Tupa ndoo majini. Ndoo itajaa na kuvuta. Itazuia boti isikimbie, na itaifanya omo itazame upepo. Hapo mna nafasi ya kutengeneza mashine, au kungoja msaada.

ZIWA RUKWA LINA TABIA YAKE

Watu husema, "Rukwa halina kina, utazama wapi?" Ni kweli kwamba Rukwa halina kina kirefu. Ni mita chache tu. Halina mto unaotoka, ndiyo maana maji yake ni ya magadi. Ukubwa wake hubadilika. Kuna miaka ambapo limesambaa sana, na kuna miaka ya nyuma ambapo sehemu kubwa ilikauka.

Lakini maji yasiyo na kina huchafuka upesi. Upepo ukiyapiga, mawimbi yanakuwa mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana karibu karibu. Mtumbwi haupati nafasi ya kupumua. Pia chini kuna matope. Mtu akisimama anazama magotini, anashindwa kutoa mguu. Na mita mbili za maji zinatosha kabisa kumfunika mtu mrefu.

Tena Rukwa lina mamba na viboko wengi. Kiboko hapendi kukatiwa njia. Mchana hukaa majini, usiku hutoka kula majani. Kwa hiyo alfajiri na jioni anapita pale pale mnapopita ninyi. Ukimwona, usijiweke kati yake na maji ya kina. Mpe nafasi kubwa, zunguka mbali. Akizama usimwone, ondoka mahali pale haraka, usingoje kumpiga picha. Kwenye mabingobingo na matete usipite kimya kimya. Ongea, gonga kasia, akusikie kabla hamjakutana. Na mikono ikae ndani ya chombo. Watoto hupenda kuburuza vidole majini. Mamba naye huviona.

VISIKI CHINI YA MAJI

Wasomaji wengine mmesafiri kwa barabara ya Iringa na Dodoma. Mmepita Mtera. Bwawa lile lilitengenezwa miaka ya 1970 kwa kuzuia maji ya Ruaha Mkuu ili kupata umeme. Maji yalipopanda yalifunika miti. Miti ilikufa ikisimama. Mingine inaonekana, na mingine imebaki kisiki tu chini ya maji. Wavuvi wa Mtera wanajua kwamba kisiki usichokiona ndicho kinachotoboa mtumbwi. Mabwawa yetu mengine, kama Nyumba ya Mungu kule Kilimanjaro na lile la Julius Nyerere kule Rufiji, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, nayo yalifunika nchi iliyokuwa kavu.

Kwa nini nataja mabwawa, wakati sisi tuna maziwa? Kwa sababu Ziwa Tanganyika nalo lilipanda. Katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda sana yakafunika fuko, nyumba, miti na mahali pa kufungia vyombo, kwetu na kwa majirani zetu Burundi na Kongo. Mahali maji yalipofunika panabaki kuta, nguzo na visiki. Mtu aliyekwenda miaka kumi iliyopita asidhani anaijua njia ya kuingilia mwaloni. Punguza mwendo unapokaribia ufuko. Mtu mmoja akae omoni atazame maji. Jua likiwa machoni huoni kitu, basi ingia pole pole zaidi. Ukiwa na mashine, inua pangaboi kabla haijakuta mawe, malizia kwa kasia au pondo.

Jihadhari pia na nyavu. Wavuvi hutega usiku, na wengine huvua dagaa kwa taa. Wavu ukijisokota kwenye pangaboi, mmewaharibia watu riziki, na ninyi wenyewe mmekwama. Matembezi ya usiku mimi siyashauri kabisa. Kama mmekawia, washa taa, msiende gizani mkidhani mbalamwezi inatosha.

KUHUSU MAJAKETI NA MADUMU

Kila mtu ndani ya chombo avae jaketi la kuokolea maisha. Nimesema avae. Sikusema liwepo. Nimeona boti ambayo majaketi yote yalikuwa yamefungwa kwenye mfuko mmoja, chini ya magunia, ili yasichafuke! Chombo kikipinduka hakikupi nafasi ya kufungua fundo. Mtoto avae jaketi la mtoto. Jaketi la mtu mzima linampita kichwani, linaelea peke yake.

Najua majaketi ni ghali, na mahali pengine hayapo. Usipande matembezini bila jaketi. Matembezi yanaweza kungoja. Lakini kuna safari zisizongoja, kama kumpeleka mgonjwa. Hapo chukua madumu. Dumu tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko sawasawa, linaweza kuinua karibu kilo 20 majini. Unaweza kuuliza, "Mimi nina kilo 60, litanibebaje?" Ni hivi. Ukiwa umezama mpaka shingoni, maji yenyewe yanabeba sehemu kubwa ya mwili wako. Kinachobaki juu ni kichwa, kilo chache tu. Kwa hiyo dumu moja linaweza kuwashikilia watu wawili, hata watatu, wakilishika kwa mikono. Wakitaka kulipanda, litazama nao. Funga madumu kwa kamba ndani ya chombo, moja moja, kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta.

Chombo kikipinduka, usikiache. Mti unaelea hata ukiwa umejaa maji. Shikeni ubavu wa chombo, pande zote mbili, mhesabiane kwa sauti. Watoto wawekwe juu ya tumbo la boti. Vua viatu vizito. Usiogelee kwenda ufukoni, hata kama unaogelea vizuri. Majini ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo. Tena msaada ukija unatafuta chombo. Kichwa kimoja kati ya mawimbi hakionekani. Simu ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji kabla ya safari, na piga 112 kama mtandao upo. Filimbi ya mwamuzi wa mpira, iliyofungwa shingoni, inasikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyechoka.

Petroli igawanywe mafungu matatu. Fungu moja la kwenda. Fungu moja la kurudi. Fungu la tatu la shida, lisiguswe. Mtu asivute sigara karibu na petroli. Na kimpumu kibaki nchi kavu. Nahodha aliyekunywa usipande naye, hata kama ni shemeji yako, hata kama umekwisha kumlipa.

Jambo hili la kukataa ndilo gumu kwetu. Mfipa ni mpole. Anaona haya kumwambia mwenye boti, "Bwana, tumejaa, nashuka." Anaona watacheka. Basi wacheke. Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Chombo cha kubeba abiria kinatakiwa kikaguliwe, kipewe cheti, na cheti kinataja idadi ya watu. Wewe uliyejua kusoma sasa unaweza kuomba ukione cheti, ukasome ile namba, kisha ukahesabu vichwa. Kwa kazi hiyo kisomo chako kinatosha kabisa.

Na kabla hamjaondoka, mwachie mtu mmoja wa nchi kavu karatasi. Iandike hivi: majina ya wote waliopanda, jina la nahodha, tunakokwenda, saa ya kurudi. Mtu huyo aambiwe, saa hiyo ikipita bila sisi kuonekana, apige mbiu. Karatasi hiyo ni zoezi zuri la kuandika kwa wanafunzi wa kisomo. Baada ya ajali nyingi za majini watu hushindwa hata kujua nani alikuwemo, na jamaa hukaa ufukoni siku nyingi wakimngoja mtu ambaye labda hakupanda.

BARUA

Msomaji mmoja kutoka bonde la Rukwa ameandika. Anasema yeye ni mvuvi, anaogelea tangu utotoni, na wenzake watamcheka akivaa jaketi. Anauliza, je, lazima avae?

Ndugu, vaa. Kuogelea kunakusaidia ukiwa macho na mwenye nguvu. Boti inapopinduka, watu wengine hupigwa kichwani na ukingo au kasia, wakaingia majini wamezimia. Wengine hukamatwa na nyavu. Na wewe unayejua kuogelea ndiwe utakayeshikwa na wasiojua, wote kwa pamoja, kwa mikono ya mtu anayekufa. Bila jaketi watakuzamisha. Ukiwa nalo, utaweza kumshika mmoja. Kama wenzako wanacheka, waulize ni nani kati yao atakayekushika wewe.

Anauliza pia rangi ipi ni nzuri. Nyekundu iliyoelekea manjano, kama chungwa lililoiva, huonekana mbali. Rangi ya samawati haifai, maana maji nayo ni ya samawati.

Mwezi ujao tutarudi juu, tuzungumze juu ya ghala la mahindi na mdudu dumuzi. Wenye maswali juu ya ghala waandike mapema.